Maswali yenu: fimbo ya maji, namba ya kwenye bahasha na mtabiri asiyekosea

Mbukwenyi wasomaji wangu wa Dodoma, Singida na popote mlipo. Mwezi huu meseji zimejaa na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, kwamba kuna mtu kafanya kitu mbele ya macho yetu na hatuna maelezo yake, sasa tumwamini, na zaidi ya hapo tumpe hela? Nimechagua chache. Ile ya fimbo ya maji nimeijibu kwa kirefu kwa sababu pale kuna hela ya kijiji kizima.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu wilaya ya Bahi kamati ya maji tumechangisha hela ya kuchimba kisima. Kuna mzee anatembea na fimbo yenye panda, anaishika mikono miwili, akifika sehemu inainama yenyewe anasema hapa chini kuna maji. Wazee wanasema kashaonyesha visima viwili vikatoa maji. Sisi vijana tunataka aitwe mtaalamu apime na mashine. Tumebishana mpaka kikao kikavunjika. Na mimi fimbo nimeiona kwa macho yangu inainama, na mzee namjua toka nikiwa mdogo sio muongo. Tufanyeje? (Mjumbe wa kamati, Bahi)

JIBU: Marahaba. Nianze kwa kukubaliana na wewe, mzee inawezekana kabisa sio muongo, na fimbo inainama kweli. Shida ni nani anaiinamisha. Mwaka 1852 daktari mmoja wa Uingereza, William Carpenter, alieleza kwamba misuli ya mtu inaweza kusogea kidogo sana kwa sababu tu kichwani kuna wazo au matarajio, bila mwenyewe kuamua na bila kuhisi kwamba amesogea. Sasa hiyo fimbo angalia anavyoishika, zile panda mbili kazivuta kwa nje, fimbo imekaa kwenye mvutano muda wote, kiganja kikigeuka kidogo tu inaruka chini kwa nguvu mpaka mwenyewe anashtuka. Jaribu hapohapo nyumbani, chukua nati ya baiskeli ifunge kwenye uzi, ining'inize juu ya karatasi yenye mstari, mkono utulize kabisa halafu fikiria tu nati inafuata mstari, usiisukume. Baada ya muda itaanza kwenda na kurudi kwenye mstari, ukibadilisha wazo iende mduara nayo taratibu inaanza kuzunguka, na utaapa kwamba hujaisogeza. Mfaransa Michel Chevreul alishaandika jambo hilihili mwaka 1833.

Kuhusu vile visima viwili, maswali ya kuuliza ni mengine. Kaonyesha vingapi kwa jumla? Vilivyokauka nani anavikumbuka? Kisima kikitoa maji kinabaki pale kila mtu anakiona na kukisimulia, kilichokosa kinafukiwa na habari yake inafukiwa nacho. Halafu sehemu nyingi ukichimba kwenda chini vya kutosha utakutana na maji, hata aliyechagua sehemu kwa kurusha jiwe. Ardhi yetu ya Dodoma chini ni miamba migumu ya zamani sana, granaiti na jamaa zake, maji yanakaa kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa za mwamba, kwahiyo sio mto unaopita chini kama wengi wanavyodhani. Unaweza kupata maji yakawa kidogo, au yakawa na chumvi, na chumvi huku kwetu mnaijua wenyewe. Hayo yote fimbo haisemi. Na mzee aliyeishi hapo miaka mingi anajua pia mikuyu inaota wapi, korongo linapita wapi, wapi majani yanachelewa kukauka. Huo ni ujuzi halisi, tena naomba kamati imsikilize kwa hilo. Ila ujuzi huo uko kwenye macho yake, fimbo haina mchango.

Sasa badala ya kubishana pimeni, haigharimu kitu. Tafuteni ndoo kumi zinazofanana zenye vifuniko na dumu moja la maji. Kwanza wekeni ndoo moja wazi kabisa yenye maji, mzee apite juu yake na fimbo, aseme mwenyewe mbele ya watu kwamba leo fimbo inafanya kazi na hamna kinachomzuia. Hii hatua msiiruke hata kidogo, maana baadae ndo visingizio vinapoanzia, ooh kulikuwa na mawingu, ooh kuna mtu ana roho mbaya. Halafu mtu mmoja achague ndoo ya kuweka maji kwa kuokota karatasi yenye namba kutoka kwenye kofia, aweke, zingine aweke mchanga wenye uzito uleule, afunike zote, kisha aondoke kabisa asionekane. Anayemsindikiza mzee awe mwingine asiyejua maji yako wapi, kwa sababu anayejua hata akinyamaza uso wake unaongea. Mzee achague ndoo moja, muandike kwenye daftari kabla ya kufunua, na rudieni mara kumi.

Kwa kubahatisha tu atapata kama mara moja kwenye kumi. Akipata mbili au tatu bado ni bahati ya kawaida. Kupata nne au zaidi kwa kubahatisha inatokea kama mara moja tu ukirudia zoezi zima mara 80 hivi, kwahiyo kubalianeni kabla ya kuanza kwamba nne ndo mstari, akifika hapo mrudie tena siku nyingine kwa uangalifu zaidi maana mtakuwa na jambo zito mkononi. Muhimu mkubaliane kabla. Ukiweka mstari baada ya kuona matokeo kila mtu atauweka pale panapomfaa.

Zoezi la aina hii lilifanyika Ujerumani mji wa Kassel mwaka 1990. Watafuta maji kama 30 walipewa bomba la plastiki lililofukiwa sentimita 50 chini ya uwanja, bomba lilipo pamewekwa alama juu, kazi yao ilikuwa kusema tu sahivi maji yanapita au hayapiti. Mwanamazingaombwe James Randi aliweka zawadi ya dola 10,000. Wote walisaini kwamba jaribio ni la haki na walitegemea kupatia zote. Matokeo yakawa yaleyale ya kubahatisha, zawadi haikuchukuliwa. Wengi wa watu hao walikuwa wanaamini kwa moyo wao wote, ndo maana nasema mzee wenu msimtukane wala kumwita tapeli.

Na kitu cha kuulizia huyo mtaalamu mtakayemwita, msiishie kwenye maji yapo au hayapo. Ulizeni yanajazwa na nini. Mji wa Dodoma kwa muda mrefu umekunywa maji ya visima vya Makutupora, na pale vina vya maji vimerekodiwa kwa zaidi ya miaka 50, watafiti walipoziangalia hizo rekodi wakakuta hifadhi ya chini inajazwa zaidi na ile miaka michache ya mvua kubwa mno, kama El Niño ya 1997 na 1998, miaka ya kawaida inaingia kidogo au haiingii kabisa. Maana yake kisima kinachotoa vizuri mwaka huu kinaweza kushuka mkikivuta kama vile kila masika kinajazwa. Watu waliochukua kipimo na kuandika mwaka baada ya mwaka, hata ile miaka ambayo hamna kilichotokea, ndo waliotuwezesha kujua hilo. Mi nawaheshimu sana watu wa namna hiyo.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mnadani Msalato nilikuta mtu anauza dawa ya kufungua akili za wanafunzi. Alitoa bahasha imefungwa akampa mtoto wangu aishike. Akamwambia andika namba yoyote ya tarakimu tatu, ya kwanza iwe kubwa kuliko ya mwisho, igeuze, toa ndogo kwenye kubwa, jibu ligeuze tena, jumlisha. Mtoto kafungua bahasha kakuta namba ileile aliyopata! Nilinunua chupa mbili. Mume wangu kanisema sana, naomba unieleze maana bado kichwa kinazunguka. (Mama wa watatu, Kongwa)

JIBU: Mama pole na usijilaumu, hii imewazungusha watu wengi. Namba iliyokuwa kwenye bahasha ni 1089. Nimejuaje? Kwa sababu siku zote ni 1089.

Chukua 742. Geuza, 247. Toa, unabaki na 495. Geuza, 594. Jumlisha 495 na 594, ni 1089. Sasa angalia kwa ndani nini kimetokea. Ulipogeuza, ile 4 ya katikati ilibaki palepale kwahiyo kwenye kutoa imejifuta. Kwenye mamia umebaki na 7 toa 2, yani 500, na kwenye mamoja umebaki na 2 toa 7, yani unadaiwa 5. 500 toa 5 ni 495, ambayo ni 99 mara 5. Namba yoyote utakayochagua jibu la kutoa litakuwa 99 mara kitu fulani, na za namna hiyo ziko tisa tu: 099, 198, 297, 396, 495, 594, 693, 792, 891. Zitazame taratibu, mi kila nikizitazama nafurahi. Zote katikati ni 9. Na zote tarakimu ya kwanza ukijumlisha na ya mwisho unapata 9. Kwahiyo ukigeuza na kujumlisha, mamoja yanatoa 9, mamia yanatoa 900, na katikati 9 na 9 zinatoa makumi 18 ambayo ni 180. Jumla 1089. (Ukipata 99 iandike 099, ukigeuza ni 990, vinginevyo haitoki, na yule muuzaji ukimkuta na mtoto aliyeandika 99 tupu utamuona anavyohangaika kumsahihisha.)

Mtoto alidhani anachagua, lakini uchaguzi wake ulioshwa wote kwenye hatua ile ya kwanza ya kutoa. Siku nyingine ukikutana na mtu wa hivi mwambie: andika wewe namba ninayoifikiria mimi, bila kunizungusha kujumlisha na kugeuza. Na ile dawa msimpe mtoto hata tone, hatujui ndani kuna nini. Badala yake mfundishe 1089 awafanyie wenzake shuleni halafu awaeleze kwa nini inatoka. Mtoto anayeweza kueleza hicho kipande cha kwa nini, akili yake ilishafunguka zamani.

SWALI: Ticha, darasani kwangu watoto 45, wawili wamezaliwa tarehe moja mwezi mmoja, hawana undugu. Mlezi wa mmojawapo anasema ni ishara. Ni kawaida kweli? (Mwalimu wa darasa la tano, Mpwapwa)

JIBU: Ni kawaida sana, ajabu ingekuwa wasipatikane. Watoto 45 wanatengeneza jozi 990, na kila jozi ina nafasi yake ya kugongana tarehe. Ukipiga hesabu, nafasi ya kupata angalau jozi moja ni kama asilimia 94. Hata watu 23 tu tayari imeshavuka nusu kidogo. Kinachotudanganya ni kwamba kila mtu anajifikiria yeye, mimi nigongane na mtu, na hiyo kweli ni ngumu, kwa darasa lako mtoto mmoja uliyemtaja kwa jina ana nafasi kama asilimia 11 tu ya kukuta mwenzake. Na kama kuna watoto ambao waliandikiwa tu tarehe 1 Januari kwa sababu mzazi hakukumbuka, ndo kabisa.

SWALI: Kaka mambo. Mi dereva bodaboda Nkuhungu. Kuna jamaa simjui kaniongeza kwenye simu, wiki sita ananitumia bure mechi moja kila wiki, na zote sita zimetiki, sita kwa sita kaka! Sijaweka hela nilikuwa namtazama tu. Sahivi anasema anafunga, anayetaka ya wiki ya saba atume elfu hamsini aingie VIP. Mikeka yangu yote ya kubeti inachanika, huyu hajakosea hata moja. Nitume? (Boda, Nkuhungu)

JIBU: Usitume. Poa kaka, na ahsante kwa kuuliza kabla.

Nikuonyeshe anavyofanya hata kama hajui mpira kabisa. Chukulia ana namba za simu 6,400. Wiki ya kwanza nusu anawaambia timu fulani inashinda, nusu nyingine anawaambia haishindi. Lazima moja itokee. Waliopewa ya uongo anawafuta, anabaki na 3,200 ambao kwao kapatia. Wiki ya pili anawagawa tena nusu kwa nusu, 1,600. Halafu 800, 400, 200, na wiki ya sita anabaki na watu 100 ambao kila mmoja kaona kwa macho yake sita kwa sita. Wewe ni mmoja wao. Wale 6,300 wengine huwajui, hamko grupu moja, na hawana sababu ya kukutafuta wakwambie kwao alikosea. Mia moja mara elfu hamsini ni milioni tano, na wiki ya saba kwa nusu yenu atapatia tena.

Na sio lazima awe tapeli, hii inauma zaidi. Wakitokea watabiri 1,000 wanaorusha sarafu tu, kama 15 au 16 kati yao watapatia sita mfululizo, na hao 15 watajiona wana kipaji, watafungua chaneli na watajitangaza kwa moyo safi, wale wengine watanyamaza na kuacha. Tunaowasikia ni hao waliobaki.

Namna ya kumpima: tafuta kijiweni watu ambao namba hiyohiyo iliwahi kuwatumia meseji toka wiki ya kwanza, hata walioacha kutumiwa, linganisheni tarehe na alichowaambia. Akiwa na mchezo huu mtaukuta haraka. Kama ni chaneli, usiangalie zilizobaki pale, piga picha utabiri kabla mechi haijaanza na urudi kesho yake uone kama iliyokosea bado ipo au imefutwa. Kaka, elfu hamsini kwa boda ni mafuta ya siku kadhaa, naomba zibaki kwenye tenki.

SWALI: Shikamoo. Mwanangu wa darasa la sita anachukia hesabu mpaka analia. Wewe unaandika kama vile hesabu ni mchezo. Nimwanzishie wapi? (Baba, Area D)

JIBU: Marahaba baba. Ni mchezo, na hapo sikutanii. Kuna mwandishi wa Marekani, Martin Gardner, aliyezaliwa 1914 na kufariki 2010, alisomea falsafa wala hakusomea hesabu chuoni, lakini kwa karibu miaka 25 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 aliandika safu ya michezo ya hesabu kwenye jarida la Scientific American, na wanahesabu wengi wakubwa wamesema waliingia kwenye fani kwa sababu yake. Alipenda sana mazingaombwe. Na mtu huyohuyo mwaka 1976 alikuwa kati ya walioanzisha kamati ya kuchunguza madai ya miujiza na nguvu zisizoelezeka. Mi sishangai kwamba yalikaa kwa mtu mmoja, ukishajua 1089 inavyofanya kazi ukikutana na bahasha nyingine utaanza kutafuta hatua ambayo uchaguzi wako umeoshwa.

Usiku wa leo kata ukanda mrefu wa gazeti, upana wa vidole vitatu, zungusha ncha moja mara moja iangalie chini halafu gundisha kwenye ncha nyingine, hata kwa uji wa ngano. Mwambie achore mstari katikati bila kunyanyua kalamu, atashangaa mstari umerudi ulipoanzia na umepita pande zote mbili, yani karatasi ina upande mmoja tu. Sasa muulize, tukikata kwa mkasi kwenye huo mstari tutapata pete ngapi? Acha aseme na aandike jibu lake. Karibu kila mtoto anasema mbili. Inatoka moja, ndefu, imejipinda. Tengeneza nyingine, safari hii ukate theluthi kutoka pembeni, utazunguka mara mbili kabla mkasi haujafika mwisho, na zitatoka pete mbili, moja ndefu na moja fupi, zimeshikana. Usimweleze chochote, mwache akate mpaka gazeti liishe.

Kesho yake chukueni punje 21 za mahindi. Kila mtu kwa zamu anachukua moja, mbili au tatu, atakayechukua ya mwisho kashinda. Anza wewe, chukua moja zibaki 20, kisha kila akichukua yeye hakikisha mlichochukua wawili kwa pamoja ni nne, akichukua tatu wewe moja, akichukua mbili wewe mbili. Zitabaki 16, 12, 8, 4, na hapo hana pa kwenda. Mfunge mpaka akasirike na aanze kukuchunguza, hapo mpe nafasi aanze yeye na utaona usoni siku atakapoishtukia ile nne. Akishaweza badilisheni sheria moja tu, kwamba anayechukua ya mwisho ndo kashindwa, punje ni zilezile 21, halafu muulize kama bado anataka kuanza yeye.